Kutoka Bukumbi hadi Namugongo: safari ya kushukuru

28 Mei, Bukumbi

Mahujaji wengi wa Mwanza wanaokwenda Namugongo, kule Uganda walikochomwa mashahidi, huanzia stendi ya mabasi. Sisi Baba Paroko alitaka tuanzie Bukumbi, upande wa Misungwi, tusali misa ya asubuhi huko kisha turudi mjini kuwahi meli ya kesho. Wapo walionung'unika kwamba huko ni kurudi nyuma, maana Uganda iko kaskazini na Bukumbi iko kusini. Misa ilipokwisha na mzee katekista akaanza kusimulia, manung'uniko yaliisha.

Kabla ya simulizi yake niseme kilichonileta. Mwaka jana kijana wangu, mzaliwa wangu wa kwanza, aligongwa na gari usiku akiwa kwenye pikipiki, na aliyemgonga hakusimama. Paja lilivunjika vibaya. Alipasuliwa, akawekewa vyuma, akalala hospitali hadi manesi wakawa wananiita mama mwenye wodi. Usiku mmoja daktari alituambia tujiandae kwa lolote. Damu ya kuongezewa ilikuwa bado haijapatikana, ndugu walikuwa njiani, nami nikapiga magoti kwenye korido nikaweka nadhiri: Bwana akimsimamisha, nitakwenda naye Namugongo kushukuru. Amesimama. Mguu mmoja umekuwa mfupi kidogo kuliko mwenzake na anachechemea, lakini ndiye aliyebeba begi langu tangu nyumbani.

Katika wodi ile, kitanda cha jirani alilala mtoto wa mama mmoja aliyetoka visiwani. Tulisali rozari pamoja, yeye akiongoza fumbo moja, mimi fumbo linalofuata. Wa kwake alifariki alfajiri. Namkumbuka alivyokunja kitenge alichokuwa akimfunika mwanawe, polepole, kona kwa kona, kama mtu anayekunja nguo za kuweka kabatini. Tangu siku ile kila nikisema "Mungu amenihurumia," nakiona kitenge kile. Sala yetu ilikuwa moja. Siwezi kusimama mbele ya watu nikasema yangu ilisikiwa na yake haikusikiwa, na sitaki shukrani ya namna hiyo. Nimekuja barabarani kutafuta ya kweli zaidi.

Sasa Bukumbi. Wamisionari wa Afrika, wale tuliozoea kuwaita Mapadre Weupe, waliondoka Buganda mwishoni mwa mwaka 1882, wakaja kujenga misheni huku kusini mwa ziwa mwaka 1883. Walirudi Buganda mwaka 1885, na mwaka uliofuata Mwanga, Kabaka yaani mfalme wa Buganda, akawaua vijana wao waliobatizwa, wengi wao watumishi wa ikulu yake mwenyewe. Hadi hapo kila Mkatoliki anaijua hadithi. Mzee katekista akaendelea pale ambapo wengi wetu huishia.

Septemba 1888 Mwanga alipinduliwa. Akavuka ziwa kwa mtumbwi akiwa na watu wachache, akafikia Magu kwa wafanyabiashara wa Kiarabu, akaona mateso, mwisho akatoroka akaja kugonga hapa Bukumbi. Hapa! Kwa mapadre wale wale aliowachomea wanafunzi wao. Nao walikuwa wametoka kufukuzwa Buganda majuma machache tu nyuma, wakimbizi kama yeye. Wakampokea. Wakampa mahali pa kulala, wakamlisha, akakaa nao. Aliandika hata kwa mmisionari wa Kiprotestanti Alexander Mackay, aliyekuwa Usambiro huku huku kusini mwa ziwa, akimsihi yaliyopita yasikumbukwe.

"Tena msidhani ni wazungu tu waliosamehe," mzee akasema. Akatutajia Honorat Nyonyintono, Mganda Mkatoliki ambaye mwaka 1886 alikatwa viungo kwa amri ya Mwanga kwa sababu ya imani yake. Mtu huyo ndiye aliyeongoza Wakristo waliopigana ili Mwanga arudi kwenye kiti. Alifia vitani mwaka 1889, na Oktoba mwaka huo huo Mwanga akaingia tena katika mji wake mkuu.

Mama mmoja wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, alisema wazi kwamba yeye asingeweza. Hakuna aliyembishia. Wasomi watasema palikuwa na siasa ndani yake, kwamba Wakristo walihitaji mfalme wa kumsimamisha mbele yao. Siasa ilikuwapo, sikatai. Lakini mtu hawezi kukatwa mwili akaenda kufa kwa ajili ya aliyemkata kwa hesabu za siasa peke yake.

Nilimfikiria dereva wa gari lile. Sijamwombea hata siku moja, na jioni hii bado sijisikii kumwombea. Naandika tu kwamba nilimfikiria.

29 Mei, ziwani usiku

Barabara ingetufikisha Bukoba mapema zaidi, lakini wazee waliomba meli. Walitaka kuvuka maji kama walivyovuka wale wa zamani.

Tumepanda daraja la tatu. Kuna magunia, watoto wamelala juu ya mizigo, mtu anauza mayai ya kuchemsha na chumvi kwenye kikaratasi. Taa za Mwanza zimezama nyuma yetu, yale mawe makubwa ya ufukweni hayaonekani tena. Kijana wangu amepata nafasi ya kuunyoosha mguu, nao watu wanamruka kwa adabu.

Pembeni yangu amekaa bibi wa parokia jirani, khanga yake ameifunga kifuani na nyingine kichwani. Tulipotoka bandarini alifanya ishara ya msalaba, akakaa akiyatazama maji muda mrefu. Ndipo mwenzake akaninong'oneza kwamba mumewe alikufa na MV Bukoba.

Watu wa kanda hii hatuhitaji kuelezwa. Tarehe 21 Mei 1996 meli ile ilizama ikitokea Bukoba, ikiwa imebakiza mwendo mfupi tu kuingia Mwanza. Mamia walikufa. Makaburi ya wengi wao yako Igoma, na kila mwaka ikifika tarehe hiyo watu huenda kusali. Bibi huyu alikuwa huko juma lililopita tu, na leo yuko juu ya meli, usiku, anakwenda kushukuru.

Nilimwuliza. Nilimwamkia kwanza, "Shikamoo bibi," akaitikia, tukazungumza kidogo habari za nyumbani, halafu nikamwuliza anakwenda kushukuru nini. Nilijua ni swali zito na nikamwomba anisamehe kama nimemgusa pabaya.

"Mwanangu," akasema, "mimi sishukuru kwa sababu ya kifo. Kifo ni adui, padre anatufundisha hivyo na mimi nimekiona. Nashukuru kwa sababu sikuachwa peke yangu ndani yake. Nilikuwa na watoto wadogo. Kila asubuhi nilikuwa nasema leo ndiyo siku nitakayoshindwa. Haijafika."

Kisha akanigeuzia swali: "Na wewe ungepewa maiti badala ya mtoto, ungekuja?"

Nilinyamaza, naye hakunisukuma. Akatoa rozari, tukaanza, na kama kule wodini yeye akachukua fumbo moja nami nikachukua linalofuata. Kijana akaitikia akiwa amefumba macho, nikadhani amelala, kumbe hapana.

30 Mei, Kemondo na Bukoba

Kulipopambazuka tulikuwa tunakaribia bandari ya Kemondo. Ziwa lilikuwa limetulia, na mzee katekista alisimama akashika nguzo, akasoma kutoka Maombolezo: "Ni huruma za Bwana kwamba hatuangamii, kwa kuwa rehema zake hazikomi. Ni mpya kila siku asubuhi." Aya hii huwa tunaisoma kwenye mikesha na misibani hadi tumeizoea. Kuisikia juu ya maji yale, mjane yule akiwa kando yangu, kulinifanya niisikie upya. Mwandishi wake hakuwa ameokoka na balaa. Alikuwa amekaa katikati ya mji ulioteketea. Asemaye "hatuangamii" ni mtu ambaye karibu kila kitu chake kimekwisha kuangamia.

Bukoba tulipokelewa na wanajumuiya kwa ndizi na maharage, na kahawa ya kutafuna kwenye kisahani. Baada ya kuoga tukaenda Kanisa Kuu, ambalo limewekwa chini ya ulinzi wa Bikira Maria Mama wa Huruma. Humo amezikwa Kardinali Laurean Rugambwa, Mwafrika mweusi wa kwanza kufanywa kardinali, na Papa Yohane XXIII, mwaka 1960. Alifariki Desemba 1997, na mwaka 2012 masalia yake yakahamishiwa hapa.

Kijana wangu alikaa karibu na kaburi lile muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Si mtu wa kanisani sana, niseme ukweli. Kabla ya ajali alikuwa Mkristo wa Krismasi na Pasaka. Tulipotoka aliniuliza imani ilifikaje huku. Nilimpa niliyoyajua: vita vya Buganda vya mwaka 1892 viliwasukuma Wakatoliki wengi kusini, wakavuka kuja huku, na mwaka huo huo misheni ya kwanza ya Kagera ikaanzishwa Kashozi. "Kwa hiyo ni wakimbizi walioileta," akasema. Ndiyo. Bukumbi wakimbizi, Kashozi wakimbizi. Nchi yetu ya ziwa ilihubiriwa na watu waliokuwa wamepoteza makwao.

Jioni alivua suruali ya safari akavaa kaptula, nikauona mguu. Kovu linaanzia juu kidogo ya goti na kupanda kwenye paja, lina vitone pande zote mbili pale nyuzi zilipopita, na ngozi yake inang'aa kuliko ngozi nyingine. Nilikuwa nikilisafisha kidonda hicho kwa mikono yangu. Nikapitisha kidole juu yake kama nilivyokuwa nikifanya. "Mama, haliumi tena," akasema. Najua haliumi. Nilitaka tu kuligusa likiwa limefunga.

31 Mei, Mutukula hadi Masaka

Leo Kanisa linaadhimisha Bikira Maria kwenda kumtembelea Elizabeti, na ukifikiri vizuri naye alikuwa safarini, tena milimani, tena ana mimba. Tuliimba utenzi wake ndani ya basi tangu Bukoba: "Na rehema zake hudumu vizazi hata vizazi." Binti wa miaka kama kumi na sita aliongoza, nasi tukaitikia hadi kondakta naye akaanza kupiga makofi.

Tulivuka mto pale Kyaka. Majeshi ya Idi Amin yalilipua daraja la hapa mwaka 1978, na wazee wawili katika msafara wetu walikimbia vita vile wakiwa vijana. Mmoja alionyesha kwa kidole upande waliokimbilia. Sasa anakwenda Uganda na rozari mkononi, kulala katika nyumba za Waganda. Hakusema lolote kuhusu hilo, nami sikumlazimisha.

Mutukula, mpakani, foleni ilikuwa ndefu. Hati za kusafiria, kadi ya homa ya manjano, kubadilisha hela, jua. Mmoja wetu kadi yake ilikuwa na kasoro akakaa pembeni saa nzima, sisi sote tukamsubiri. Tumelala Masaka kwenye ukumbi wa parokia, mikeka imepangwa ukutani. Wenyeji wanatusalimu "Kulika!" na wanaleta matoke yenye moshi. Padre mwenyeji alitukumbusha kwamba Joseph Kiwanuka, aliyepewa uaskofu mwaka 1939 na Papa Pius XII mwenyewe huko Roma, alikuwa askofu wa hapa Masaka. Alizaliwa mwaka 1899. Miaka kumi na mitatu tu baada ya moto wa Namugongo!

1 Juni, Munyonyo

Tulipita mstari wa Ikweta pale Kayabwe, watu wakapiga picha. Mchana tukafika Munyonyo, kando ya ziwa lile lile tulilovuka upande wa pili.

Hapa ndipo hukumu ilipotolewa. Mwanga alikuwa na makao hapa. Denis Ssebuggwawo, kijana wa miaka kumi na sita, alikutwa akimfundisha mwenzake dini, akapigwa na Kabaka mwenyewe, akauawa. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei 1886, Karoli Lwanga, mkuu wa vijana wa ikulu, aliwabatiza wanne waliokuwa bado katekumeni: Kizito, Mbaga Tuzinde, Gyaviira na Mugagga. Aliwabatiza akijua kutakucha na kitakachokuja kikikucha. Asubuhi wakaitwa mbele ya Kabaka, wakatenganishwa wanaosali na wasiosali, wakaenda upande wa wanaosali. Siku hiyo hiyo Andrea Kaggwa aliuawa hapa hapa.

Nimesimama pale na nikamtazama mwanangu, naye ana umri mkubwa kuliko Kizito kwa miaka mingi. Kizito alikuwa na miaka kumi na minne. Kila mmoja wa vijana wale alikuwa na mama. Mimi nilipiga magoti koridoni nikaomba mwanangu asife, na Mungu akanipa. Nao? Au wale mama hawakusali?

Hapo ndipo mzee katekista, ambaye nadhani aliusoma uso wangu, akanivuta pembeni akaniambia habari ambayo sikuwahi kuisikia. Kati ya vijana waliopelekwa Namugongo na kufungwa tayari kwa kuchomwa, watatu walirudishwa dakika za mwisho: Denis Kamyuka, Charles Werabe na Simeon Sebuta. Mukajanga, mkuu wa wauaji, aliwaacha hai. Simulizi zinasema hawakufurahi, kwani walitaka kwenda na wenzao. Walipelekwa gerezani, baadaye wakaachiwa, wakaishi miaka mingi. Na Kanisa lilipoanza kukusanya habari za mashahidi, hao ndio walioeleza nani alisema nini, nani alifungwa wapi, nani alisali vipi ndani ya moto. "Kama hao watatu wasingebaki," akasema mzee, "wewe leo ungekuwa unakwenda wapi?"

Nilikaa na neno hilo jioni nzima. Waliokufa walipata huruma. Ndivyo Kanisa linavyofundisha na ndivyo ninavyoamini. Waliobaki nao walipata huruma, ya namna nyingine, na ilikuja na mzigo wake: kutaja majina ya wenzao hadi uzeeni. Kamyuka hakuachwa hai kwa sababu aliwapita Kizito na Lwanga kwa sala. Aliachwa, basi, na maisha yake yote akawa shahidi wa wasioachwa.

Hii ndiyo shukrani niliyoitafuta tangu Bukumbi. Mwanangu ni kama mmoja wa wale watatu. Hatukushinda chochote. Na kama ninamshukuru Mungu kwa ajili yake bila kumtaja mtoto wa kitanda cha pili, shukrani yangu ina ulemavu kuliko mguu wa kijana huyu.

2 Juni, njia ya Kireka

Basi lilitushusha Kireka, tukaingia barabarani kwa miguu kupitia Kyaliwajjala. Nilimwambia kijana apande bodaboda hadi mbele atusubiri. Akakataa. "Nadhiri uliniwekea mimi, mama. Wacha niitembee."

Sijawahi kuona watu wengi hivyo wakienda upande mmoja. Wamekuja kutoka magharibi ya Uganda wakiwa wametembea majuma mawili, nyayo zimefungwa vitambaa. Kuna Wakenya waliotembea kutoka kwao kupitia Busia na bendera ya jimbo lao mbele. Wanyarwanda, Wakongo wanaozungumza Kiswahili chao kitamu, tukaelewana mara moja. Wanawake wa Kiganda wamevaa gomesi, wamebeba mikeka kichwani. Wauzaji wa rozari, wa maji, wa chapati zilizoviringishiwa mayai. Vumbi jekundu limepanda hadi magotini.

Kijana wangu alitembea pole. Hatua ya mguu mzima, hatua ya mguu mfupi, bega likiinama kidogo kila mara. Nilijaribu kwenda kwa mwendo wake na miguu yangu ikaanza kuinama kama yake. Baada ya Kyaliwajjala jasho lilikuwa linamtiririka, akakaa kwenye jiwe. Mzee mmoja wa Kiganda akamletea maji kwenye kikombe cha plastiki bila kuulizwa, akamwangalia mguu, akasema maneno ambayo hatukuyaelewa, akamshika bega. Tukasema "Webale, ssebo," yaani asante bwana, ndiyo Luganda tuliyokuwa nayo. Akainuka, akatembea hadi mwisho.

Usiku huu tunalala nje, karibu na bwawa, mikeka imegusana. Imenyesha kidogo. Hakuna aliyehama.

Mzee katekista amepitisha bahasha ya nia. Kila mtu anaandika yake, zitasomwa kesho asubuhi katika sala ya kundi letu kabla ya misa kubwa. Niliandika ya kwanza upesi, kushukuru kwa kupona kwa mwanangu. Ya pili, jina la yule mtoto wa wodini na la mama yake. Ya tatu ilichukua muda. Tochi ya simu ilikuwa inafifia. Niliwaza Mwanga akigonga Bukumbi, na yule padre aliyefungua mlango. Nikajiuliza alikaa kimya muda gani kabla ya kusema karibu. Nikaandika: "Kwa ajili ya dereva, popote alipo, Mungu amhurumie." Mkono haukuwa mwepesi. Sikusikia utamu wowote moyoni, na nimeiandika hivyo hivyo.

Kijana alikuwa anasoma begani kwangu. Akaichukua kalamu akaongeza mwishoni: "na sisi."

3 Juni, Namugongo

Kanisa la Basilika la Namugongo limejengwa kwa umbo la nyumba ya msonge, limeshikiliwa na nguzo 22, nguzo moja kwa kila shahidi Mkatoliki. Linasimama pale alipochomwa Karoli Lwanga. Yeye alitengwa na wenzake, akachomwa polepole kuanzia miguuni. Wengine walifungwa kwenye mafungu ya matete na kuchomwa pamoja, Wakatoliki na Waanglikana, tarehe 3 Juni 1886, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi ya Kupaa Bwana. Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu wale 22 tarehe 18 Oktoba 1964, na katika mahubiri yake akawataja pia Waanglikana waliokufa kwa jina hilo hilo la Kristo. Mwaka 1969 akaja mwenyewe. Papa Fransisko alisali misa hapa Novemba 2015.

Alfajiri kundi letu tulikaa mviringo na mzee akasoma nia. Alisoma zote kwa sauti moja, bila kuruka wala kukazia. Jina la mtoto wa wodini lilitajwa. La dereva halikuwapo, tulisema tu dereva, na watu thelathini na kitu wakaitikia "Ee Bwana, utusikie" kama walivyoitikia kwa nyingine. Bibi wa MV Bukoba alikuwa ameandika kwa ajili ya wote wanaosafiri majini usiku.

Misa kubwa sitaieleza yote. Ngoma, maaskofu, kwaya, umati hadi jicho halifiki mwisho wake, jua kali halafu kivuli halafu jua. Wakati wa komunyo mapadre waliingia katikati ya watu wakiwa na miavuli juu yao, na kijana wangu akapokea. Alikuwa amekwenda kitubio jana usiku bila kuniambia. Nilimwona tu akipiga magoti, mguu ule mbovu ukichelewa kukunjika, akiusaidia kwa mkono. Machozi niliyokuwa nimeyazuia tangu hospitali yakatoka yote hapo, na mama aliyekuwa mbele yangu, Mkenya, akanipa kitambaa chake bila kugeuka.

Mchana tulitembea hadi upande wa Waanglikana, ambao nao wanaadhimisha siku hii hii karibu tu. Wao wanawakumbuka wa kwao 23. Tulikuta watu wengi vile vile, na vumbi lile lile miguuni mwao. Mzee katekista akatumalizia habari ya Mwanga: alipelekwa uhamishoni Ushelisheli mwaka 1899, huko akabatizwa Mwanglikana kwa jina la Danieri, na akafa Mei 1903. Aliyewaua kwa sababu walisali alikufa amebatizwa! Bibi akasema, "Mungu asifiwe," kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayepokea habari njema ya jirani. Nami nikasema Amina, na niliimaanisha.

4 Juni, Masaka tena

Tunarudi. Nimebeba chupa mbili za maji ya Namugongo, moja ya nyumbani, moja ya visiwani.

Jioni, mtandao ulipokaa sawa, nilimpigia yule mama. Tulikuwa hatujazungumza tangu mwaka mpya. Nilimweleza niko wapi na nilikotoka, kwamba jina la mwanawe lilisomwa Namugongo siku ya mashahidi, na kwamba nikifika nitavuka kumletea maji na kumwona. Kimya kidogo. Halafu akaanza maswali: lilisomwa na nani, saa ngapi, kwa sauti, watu wangapi waliitikia, walisema nini hasa. Nikamjibu yote. Nilipomaliza akaniambia nisikate, mumewe ndiyo anaingia kutoka ziwani, nianze tena mwanzo naye asikie.